Juu ya Jina la Adhuhuri katika Kiskoti cha Kale

Tulipokuwa tukisoma maandiko ya kale ya Uskoti pamoja na wanafunzi wetu wakubwa, tulikutana na neno none, nao wakalifasiri mara moja, pasipo kusita, kuwa ni saa sita ya mchana. Hatukuwalaumu, maana walijua noon ya Kiingereza. Lakini mmoja wao, ambaye alikuwa amejifunza Kilatini kidogo, alituuliza swali: Nona maana yake ni ya tisa, imekuwaje basi tisa ikageuka kuwa sita? Siku ile tulimjibu kwa haraka jibu ambalo vitabu vingi hulitoa, kisha tukarudi nyumbani na moyo usiotulia. Sasa twataka kulipima jibu lile, maana twaona lapendwa kuliko linavyostahili.

Kwanza tuseme Kiskoti ni nini. Si Kigaeli, lugha ya watu wa milimani. Ni lugha ya nyanda za chini, ndugu yake Kiingereza, nayo ilitumika katika baraza za wafalme, katika mahakama za miji na katika mashairi tangu karne ya 14 hata karne ya 17. Wako wasemao kwamba ni Kiingereza kilichoharibika. Wasemao hivyo kwa kawaida hawajakisoma.

Warumi walihesabu saa za mchana kama tuhesabuvyo sisi. Jua likichomoza saa zaanza. Likiwa utosini ni saa sita. Likiinama ni saa tisa. Ndiyo sababu msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufanya hesabu yo yote asomapo katika Injili kwamba Bwana Yesu alipaza sauti yake msalabani saa tisa, ilhali Mwingereza hana budi kuhesabu kwa vidole. Kanisa la Magharibi liliweka sala katika saa hizo, ya tatu, ya sita na ya tisa, na sala ya saa tisa ikaitwa nona. Kisha jina la sala likawa jina la wakati wake. Jambo hili halitustaajabishi sisi tusemao Kiswahili, kwa kuwa adhuhuri na alasiri ni majina ya sala za Waislamu na tena ni majina ya nyakati, na leo Mkristo humwambia mwenzake, "Tuonane alasiri," wala hafikiri habari ya msikiti hata kidogo.

Nchini Uskoti neno hili likawa none, likatamkwa baadaye nune, na upande wa kaskazini-mashariki neen. Hata sasa watu wa huko husema efterneen kwa wakati wa baada ya adhuhuri. Matamshi yamekwenda njia yake yenyewe, wala hayakufuata ya Uingereza. Lakini maana yamehama pamoja: kutoka saa tisa hata saa sita.

Jibu lililozoeleka ni hili: watawa walikuwa na njaa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, iliagiza kwamba katika sehemu kubwa ya mwaka ndugu wasile hata sala ya nona iishe. Basi, wasema wenye jibu hili, watawa wakaisogeza sala kidogo kidogo, leo nusu saa, kesho nusu saa, hata chakula kikafika saa sita. Hadithi hii yachekesha, tena ina ukweli ndani yake. Kanuni yenyewe yaruhusu wakati wa kiangazi nona isaliwe mapema, katikati ya saa ya nane. Na Uskoti ilikuwa na watawa wengi walioishika Kanuni hiyo. Mfalme David I aliwaweka Wasitersiani huko Melrose mwaka 1136, wala hiyo haikuwa nyumba yao peke yake.

Walakini jibu hili lina upungufu mkubwa, nao waonekana mara tu mtu avukapo mpaka wa lugha. Waairishi nao walilipokea neno lile lile la Kilatini, wakafanya tráthnóna, yaani wakati wa nona. Je, lilisogea kwenda saa sita? Hata kidogo! Kwao tráthnóna ni alasiri, tena laendelea mpaka jioni. Watu wa Wales nao wana prynhawn, ambalo sehemu yake ya mwisho ni nona hiyo hiyo, na maana yake ni wakati wa baada ya adhuhuri. Basi twauliza: watawa wa Ireland na wa Wales hawakuwa na matumbo? Nao walifunga, nao waliingoja kengele. Ikiwa njaa ya watawa yatosha kuhamisha jina la saa, ilipasa ilihamishe huko pia. Wahispania nao, ambao walikuwa na watawa si haba, walilitwaa neno la saa ya sita lenyewe, sexta, wakafanya siesta, pumziko la adhuhuri. Nona hawakuihitaji kwa kazi hiyo.

Twadhani yafaa kulitazama jua lenyewe kabla ya kuwacheka watawa. Saa za kale zilikuwa 12 za mchana, mchana uwe mrefu au uwe mfupi. Kwetu karibu na ikweta hilo halina tofauti kubwa. Lakini katika Edinburgh mchana wa kiangazi una saa 17 na nusu hivi, na mchana wa kipupwe una saa 7 tu. Tulipiga hesabu ubaoni pamoja na darasa: saa ya tisa ya mchana mrefu yaangukia kama saa kumi na dakika 22 ya saa zetu za leo, na saa ya tisa ya mchana mfupi yaangukia saa nane kasorobo. Neno moja, na kati ya mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba latembea zaidi ya saa mbili na nusu! Jina lenye mguu mwepesi namna hiyo halikuhitaji msukumo mkubwa. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe, kwa maana Ireland nayo ina kipupwe. Twasema tu kwamba neno lilikuwa halijafungwa mahali, na kwamba kila nchi ililifunga ilipotaka.

Je, Uskoti ililifunga wapi? Hapa tuache nyumba za watawa, twende mjini. Mwaka 1491 wakuu wa mji wa Edinburgh waliandika amri juu ya fundi mkuu wa uashi na watu wake waliokuwa wakijenga katika kanisa la Mtakatifu Giles. Wakati wa kiangazi waashi waanze kazi saa kumi na moja ya alfajiri. Saa mbili waende kufungua kinywa kwa muda wa nusu saa; chakula hicho waliita disjone, neno walilolipata kwa Wafaransa. Warudi kazini hata saa tano ilie. Kisha wakutane tena saa saba, wafanye kazi hata saa kumi, wapumzike nusu saa katika banda lao, na baadaye waendelee mpaka saa moja ya jioni. Nasi tulipoisoma amri hii tuliona jambo ambalo hatukulitafuta. Saa za asubuhi zaitwa saa za kabla ya none, na saa za alasiri zaitwa za baada ya none. Kati ya saa tano na saa saba hapana kazi, na none yenyewe iko katikati ya nafasi hiyo tupu. Hapa hakuna sala, wala hakuna jua. Kuna kengele, na bwana wa kazi, na mtu aliyeshika nyundo ambaye ataka kujua ataiweka chini lini.

Tusizidishe maneno. Neno lilikuwa limekwisha kuhama kabla ya mwaka huo, na saa ya mnarani haikuianzisha safari yake. Lakini ilifunga mlango nyuma yake. Saa ya mnarani haijui kiangazi wala kipupwe, na tangu ilipoanza kulia juu ya miji, none haikuweza kutangatanga tena.

Mwaka 1560 Bunge la Uskoti liliikataa mamlaka ya Papa na kuikataza Misa, na sala za saa za kale zikanyamaza. Neno halikunyamaza. Watu ambao hawakupata kuisikia nona ikiimbwa waliendelea kula kwa jina lake.

Wala hawakulitumia peke yake. Mskoti alipotaja saa alisema ten houris, saa kumi kwa hesabu yake, vile vile kama sisi tusemavyo saa na hesabu, ingawa kumi yake ni saa nne yetu. Saa kumi na mbili yake, twelf houris, ambayo ndiyo saa sita kwetu, ilifupizwa ikawa twal-hours. Na twal-hours ikawa jina la kinywaji au chakula kidogo cha adhuhuri, kama four-hours ilivyokuwa cha saa kumi. Hapa twaona mwendo ule ule uliogeuzwa: zamani sala iliipa saa jina, sasa saa yalipa tumbo jina. Katika karne ya 18 wenye maduka na wanasheria wa Edinburgh walitoka kazini karibu na saa sita kwenda kunywa kileo walichokiita meridian, kutoka katika neno la Kilatini la katikati ya mchana; na kengele za muziki za Mtakatifu Giles zilizolia saa tano u nusu waliziita kwa mzaha kengele za kibaba, kwa kuwa ziliwatoa watu kwenda kunywa kibaba chao. Neno la wanachuoni likaishia kilabuni!

Yatupasa kusema neno juu ya kamusi, kwa kuwa mwalimu hana msaada mwingine. John Jamieson, mchungaji wa Edinburgh, alitoa kamusi yake ya Kiskoti mwaka 1808. Alikusanya kwa bidii tunayoistahi, lakini alipenda mno kuyapeleka maneno ya nchi yake kwa Wagothi, hata msomaji hana budi kumsoma mkono mmoja ukishika breki. Kamusi kubwa ya Kiskoti cha kale iliyoanzwa na William Craigie ilianza kuchapishwa mwaka 1931, ikamalizika mwaka 2002 katika vitabu 12. Hiyo yaweka mifano yenye tarehe mbele ya msomaji, naye aweza kupinga akiona vingine. Kosa lake ni kosa la kila kamusi: none iko mahali pake, twelf mahali pengine, hour na dinner mbali huko, na mtu atakaye kujua Waskoti waligawanyaje mchana wao apaswa kukusanya vipande mwenyewe. Tena walioandika ni makarani na washairi. Mchungaji wa kondoo aliyepima adhuhuri kwa kivuli cha miguu yake hakuwa na karani.

Basi mwanafunzi wetu aandike nini katika daftari lake? Katika amri ya waashi aandike saa sita, wala asiogope. Katika Kilatini cha Kanuni ya Benedikto aandike saa tisa. Na akikutana na shairi la Kiskoti ambalo ndani yake shujaa aondoka none na kufika kabla ya giza, atazame kwanza mwezi, na urefu wa njia, na kama farasi wake amekwisha kulishwa.