Besi ya Bei Chee

Wahenga walisema rahisi ghali, na wauza duka wa vyombo vya muziki huupenda msemo huo kuliko watu wote. Kwa sufuria ni kweli. Kwa viatu ni kweli zaidi. Kwa gitaa la besi nina mashaka, na mashaka yenyewe yamekulia Tabora, mji uliotoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz enzi ambazo mpigaji mwenye gitaa lake mwenyewe alikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Katika muziki wa dansi vyombo vilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz vya kiwanda cha nguo. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) walikuwa na vyao, na bendi za watu binafsi zilikuwa na tajiri aliyetoa fedha kisha akaweka ufunguo wa stoo mfukoni. Mpigaji aliyehama bendi aliliacha gitaa ukutani akaondoka na vidole vyake. Shem Karenga alipotoka Kigoma na kuingia Tabora Jazz, watu hawakushika kichwani alipewa gitaa la aina gani. Walichoshika ni “Dada Asha” na mtindo wa Segere Matata. Bei ya chombo ilikuwa siri ya tajiri na muuza duka; msikilizaji hakuhusishwa.

Ukitaka kuijua kazi ya besi, usikae mbele ya jukwaa. Simama nje ya ukumbi, upande wa pili wa barabara. Solo na rizimu hubaki ndani pamoja na wenye tiketi. Besi hupita ukutani bila kiingilio. Utasikia kwamba mpiga besi wa rumba ya kwetu hajazi kila pigo. Anagonga noti mbili tatu, ananyamaza, anaziachia tumba zijibu, kisha anarudi akiwa amechelewa kidogo kwa makusudi. Kimya kile ndicho kinachomvuta mtu kutoka kwenye kiti. Bendi ikiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, magitaa mengine yanakimbia na yeye ndiye anayeshikilia kamba yasitawanyike. Suleiman Mwanyiro, aliyepiga besi katika bendi ya Mlimani Park, mashabiki walimwita “Computer”. Jina lile lilikuwa la kichwa na vidole vyake, wala halikuandikwa kwenye gitaa.

Kuna jambo la kifizikia ambalo mimi huliona kama kichekesho kizuri. Waya mnene kuliko zote kwenye besi ya nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya redio ndogo ya betri haina uwezo wa kutoa mtikisiko wa chini namna hiyo. Inachotoa ni sauti za juu zinazoambatana na ile noti, mara mbili yake, mara tatu yake, na sikio linajijazia lililokosekana. Basi vijana wa Nzega, Urambo na Sikonge waliojifunza mapigo ya besi kwa kusikiliza bendi kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ikiwa imewekwa dirishani, walijifunza kutoka kwenye sauti ambayo kwa sehemu kubwa haikutoka redioni. Wakawa wapigaji. Nikisikia mtu anabishana kuhusu utamu wa mbao za gitaa la milioni nne dhidi ya gitaa la laki kadhaa, huwa nakumbuka redio ile ya dirishani na kumwacha amalize.

Hata chombo chenyewe hakikuzaliwa katika utajiri. Leo Fender wa Fullerton, California, alikuwa fundi redio kabla ya kuwa jina la magitaa. Besi yake ya kwanza, Precision ya mwaka 1951, ilikuwa ubao mnene uliokatwa kwa umbo, shingo iliyokazwa kwa skrubu nne, kinasa-sauti kimoja chenye sumaku na waya uliozungushwa, na vifundo viwili. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba lile zeze kubwa la kusimama, refu kumzidi yeye, na sauti yake ilimezwa na tarumbeta. Fender alikata ubao, akaweka freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, ili noti itoke mahali pake bila kubahatisha. Kitu kilichobuniwa kiwe chepesi kuundwa na chepesi kukarabatiwa si rahisi kukiharibu kwa kukipunguzia bei. Piano unaweza kuiharibu, na saksafoni unaweza kuiharibu vibaya sana. Ubao wenye nyuzi nne unahitaji bidii kuuharibu.

Besi nyingi za bei chee zinatoka China na Indonesia. Mbao zinakatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haijali kama gitaa litauzwa chini ya dola 300 au zaidi ya dola 1,500, inakata vilevile. Tofauti inaanzia pale mashine inapoishia na mkono wa mtu unapotakiwa. Kusawazisha freti moja moja, kulainisha ncha zake, kuchonga mifereji ya nyuzi kwenye kile kipande cha juu ya shingo, kunyoosha shingo yenyewe: hizo ni saa za kazi, na saa ndizo zilizopunguzwa. Vifundo vya umeme ni vya bei ndogo, na funguo za nyuzi zina ulegevu. Mbao nazo zimebadilika, na hapa si ubahili peke yake. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliiweka jamii nzima ya miti ya Dalbergia chini ya uangalizi mwanzoni mwa 2017, na viwanda vingi vikahamia mbao nyingine kwa ubao wa vidole, kabla ya vyombo vya muziki vilivyokamilika kulegezewa masharti mwaka 2019. Mpingo wetu ni Dalbergia pia. (Nami hujiuliza kila nikipita karakana za maseremala wa Tabora, zenye vitanda na makabati ya mninga wa miombo: ikiwa fundi redio wa California aliweza kwa ubao na skrubu nne, sisi tunangoja nini?)

Kwa hiyo ukinunua besi ya bei chee umenunua kazi iliyokomea njiani. Anayeimalizia ndiye ninayetaka kumsifu.

Fundi wa namna hiyo haandiki kibaoni kwamba anatengeneza besi. Kibao kinasema redio, simu, spika za muziki, chaja. Kijana wa kwaya anaingia na gitaa kwenye mfuko wa nailoni, analalamika kwamba nyuzi ziko juu kama za kuanikia nguo na zinamuumiza vidole. “Fundi, nimeuziwa kimeo.” Fundi hajibu. Analishika gitaa kwa kiwiliwili, anainua shingo usawa wa jicho kama mtu anayekagua ubao kabla ya kuununua, anatazama kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kisha anabonyeza waya kwenye freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono wa kulia, na kuangalia katikati, kwenye freti ya saba au ya nane, kuna upenyo gani kati ya waya na chuma. Upenyo wa unene wa kadi ya simu ni mwingi mno. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kilichozikwa ili kipambane na mvuto wa nyuzi. Anaingiza ufunguo mdogo wa pembe sita, anazungusha robo tu ya mzunguko, anaacha. “Mdogo wangu, hapa ukizungusha kwa hasira unavunja. Kaa kidogo, mbao nayo isikie.”

Baada ya hapo ni kazi ya subira. Anashusha vile vitandiko vya nyuzi kwenye daraja, kimoja kimoja, mpaka waya uanze kulia ovyo kwenye freti, halafu anapandisha kidogo. Anagusa waya juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, sauti nyembamba inatoka. Anaubonyeza hapohapo, sauti nene inatoka. Zote mbili ni noti moja, na lazima zikubaliane. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, kitandiko kinasogezwa nyuma; ikiwa chini, mbele. Besi zinazotoka dukani nyingi hazikubaliani na nafsi zao hapa, na kijana amekuwa akilaumiwa na mwalimu wa kwaya kwamba sikio lake bovu.

Tabora inamwongezea fundi kazi. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua ni haba mno. Gitaa lililotengenezwa kwenye joto la unyevu la Indonesia, likakaa Dar es Salaam pwani, likapanda kuja huku Julai, linakauka. Mbao husinyaa, chuma hakisinyai. Ncha za freti zinajitokeza pembeni mwa shingo, na mkono unaoteleza kutoka chini kwenda juu unarudi na michubuko. Fundi anaegemeza tupa nyembamba kwa mshazari, anapita ubavu mzima wa shingo, kisha ncha moja moja kwa msasa laini, anapapasa kwa kidole gumba, anarudia. Hakuna mashine ya kazi hiyo katika mtaa wake, wala haihitajiki. Akimaliza, gitaa lililokuja kama kimeo linaondoka likiwa chombo, na gharama ya ufundi ni ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya gitaa hilo na lile lililo juu yake dukani.

Tabora imeyajua mambo ya rahisi nzuri na rahisi mbovu tangu kabla ya umeme. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na mpagazi wa Kinyamwezi alipotembea na mzigo wa kilo 30 na zaidi, mara nyingi alichobeba kwenda bara kilikuwa nguo. Iliyotamba ilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa ya viwanda vya Massachusetts, iliyoshushwa Zanzibar na meli za bandari ya Salem tangu miaka ya 1830. Haikuwa nguo ya fahari. Ilikuwa ya bei nafuu na iliyovumilia. Waingereza waliiga, lakini nakala zao nyepesi hazikuweza kumdanganya mnunuzi wa bara. Alijua kuitofautisha nguo inayodumu na ile iliyotengenezwa ili ionekane tu. Baadaye viwanda vya Bombay vilipoweka sokoni nguo yenye nguvu kama ile, wateja walihamia huko bila kujali imetoka nchi gani. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka dukani Kariakoo, Dar es Salaam: mkono kwanza, jina baadaye.

Jina, kwa kweli, ndilo la kuogopa. Gitaa la bei chee lenye jina lake la bei chee halina ubaya. Ubaya uko kwenye lile lililobandikwa chata ya kampuni kubwa na kuuzwa kwa bei ya katikati, isiyokuwa ya chini wala ya kweli. Hapo msemo wa wahenga unasimama wima. Kampuni kubwa zenyewe zina matoleo ya chini yanayojulikana: Fender wana Squier tangu 1982, Ibanez wana Gio, na Yamaha wana zao za wanaoanza. Hizo hazijifichi.

Wanunuzi wa leo Tabora si bendi za dansi. Ni kwaya. Jumapili besi inasikika kutoka makanisa ya Moravian hadi ya Kipentekoste, mara nyingi kwenye jengo ambalo waya wa ardhi wa umeme ni wa kuigiza, au jenereta inanguruma nje. Kwa mazingira hayo chagua besi yenye kinasa-sauti kilichogawanyika vipande viwili, ule mtindo Fender alioutoa mwaka 1957: vipande hivyo vimezungushwa waya kinyume ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Zenye vinasa viwili vyembamba vilivyonyooka nazo hunyamaza iwapo vifundo vyote viwili vimefunguliwa sawa. Ukipunguza kimoja, mvumo unarudi katikati ya pambio. Haya hayaandikwi kwenye boksi.

Kuna ambacho besi ya bei chee haiwezi. Mtu anayerekodi kila wiki, au anayepiga usiku kucha mara nne kwa juma, atauchoka ulegevu wa funguo zake na kifundo kitakachoanza kukwaruza mwaka wa pili. Huyo anunue kubwa, na asione haya. Lakini James Jamerson wa Motown, ambaye dunia nzima ya wapiga besi inamsujudia, alipiga nyimbo zake nyingi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na hakuna duka linalouza hicho kidole.

Uamuzi wangu basi ni kwamba inafaa kununuliwa, kwa masharti. Tazama shingo kabla ya rangi. Ikiwa imejipinda kushoto au kulia kama ulimi wa ng'ombe, iache palepale, kwa sababu mengine mengi yanarekebishika kirahisi ila hilo. Kamati ya kwaya ikiwa na milioni moja, gitaa lisile zaidi ya nusu. Kinachobaki kiende kwenye amplifaya yenye spika ya inchi 12 au 15, maana besi nzuri kwenye spika ndogo ni hasara tupu. Tengeni ya waya wa akiba na ya nyuzi. Na fungu la fundi litolewe kabla gitaa halijatoka dukani, lisije likawa la kuombewa mchango.