Mistari ya Mwenze
Ndugu, mtu akisema Mwenze Kibwanga (1925–1999) alichora wanyama na wawindaji, anasema kweli nusu. Karibia picha yake: mnyama anapotea, inabaki mistari mifupi tu, mmoja kando ya mwingine, sawa nyuzi za nguo. Mwalimu wake Romain-Desfossés, aliyefungua atelie ya Elisabethville mu 1946, hakumpa picha za Ulaya za kuiga. Mwalimu akafa mu 1954. Mwenze akashika mistari ile hata uzeeni. Wengine wanasema alijirudilia bule. Nakataa. Zaburi zile zile zinarudi kinywani mwetu, na hatusemi tumemaliza kusali. Basi tukitafuta picha kwa makanisa yetu ya Kamina, kwa nini tunakimbilia sanamu za plasta? Tazameni kwanza nyuma ya mwindaji, fasi wachoraji wengine wanaacha tupu: Mwenze aliijaza pia, mstari kwa mstari.