Shingo Inayopiga Picha

Mpigapicha wa angani hashiki kamera. Mikono yake ina kazi nyingine: ndiyo mabawa na usukani wake, na ndiyo itakayofungua mwavuli wakati ukifika. Kamera imekazwa kwa skrubu juu ya kofia ngumu, inatazama anakotazama yeye. Kitufe cha kupigia picha kiko mdomoni, swichi ndogo yenye waya ambayo huibonyeza kwa ulimi au kuiuma kwa meno. Mbele ya jicho moja kuna kigae kidogo cha kioo chenye duara, na duara hilo ndilo linalomwonyesha katikati ya picha ni wapi, maana skrini ya kamera iliyo juu ya utosi wake hawezi kuiona. Akitaka picha isogee kushoto, anageuza shingo. Akitaka kuukaribia uso wa mtu, lazima mwili wake wote umfuate mtu huyo, na wote wawili wanaanguka kwa kasi ya karibu kilomita 190 kwa saa.

Ndege huwaachia kwenye kimo cha mita 4,000 hivi. Kutoka hapo hadi mwavuli kufunguka ni kama dakika moja. Katika dakika hiyo hakuna nafasi ya kubadilisha lenzi, kurekebisha mwanga, kufuta kioo wala kumwambia mtu arudie. Kila kitu ambacho mpigapicha wa ardhini hukiamua akiwa na jicho kwenye kamera, huyu amekwisha kukiamua kabla mlango haujafunguliwa. Ndiyo maana naiheshimu kazi hii kuliko upigaji picha mwingine wowote ninaoujua: sehemu kubwa ya picha hutengenezwa ardhini, na kinachobaki angani ni mwili tu.

Chukua lenzi. Mtu asiyeijua kazi hii angedhani angani kunahitajika lenzi ndefu, ile ya kuvutia vya mbali. Wao hutumia kinyume chake kabisa: lenzi pana, mara nyingi milimita 15 hadi 24, na wengine hupenda ile iitwayo jicho la samaki. Kwanza, shingo ya mtu anayepigwa na upepo wa namna hiyo haiwezi kutulia; lenzi ndefu huukuza kila mtikisiko, lenzi pana huumeza. Pili, lenzi pana husamehe kosa dogo la kulenga, na mtu anayelenga kwa duara la kioo bila kuona picha yenyewe anauhitaji sana msamaha huo. Sababu ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi. Lenzi pana humlazimisha mpigapicha akaribie. Uso uonekane vizuri, naye yuko mita moja na nusu tu kutoka kwenye uso huo, huku nyuma yake dunia ikipinda na pwani nzima ikionekana. Huwezi kuipata picha hiyo ukiwa mbali na salama. Inabidi ujue kuruka vizuri kiasi cha kumsogelea mtu bila kumgonga.

Kisha kuna suala la kuona vizuri bila kulenga upya. Wengi huzima mtambo wa kamera unaotafuta shabaha wenyewe, kwa sababu angani hupotea kwa urahisi. Hukwama kwenye wingu, ukarudi, ukaenda tena, na sekunde tano zimekwisha. Badala yake wanaweka umbali kwa mkono, kisha wanaizungushia tepu pete ya lenzi isisogezwe na upepo wala kidole. Hesabu yake ni nzuri. Kwa kamera ndogo ya kawaida yenye lenzi ya milimita 15 na tundu la mwanga la f/8, ukiweka umbali kwenye mita moja na nusu hivi, kila kitu kuanzia sentimita 75 mpaka upeo wa macho hutoka kikiwa wazi. Uso wa mrukaji, vidole vyake, miwani yake, na bahari iliyo kilomita nne chini vyote vinaingia ndani ya mpaka huo. Kasi ya shata huwekwa juu, 1/500 ya sekunde au zaidi, ili nywele na kitambaa kinachopepesuka vigandishwe. Ukimwona mpigapicha wa angani akiwa amekaa chini asubuhi na kipande cha tepu, jua hapo ndipo anapopiga picha zake za siku nzima.

Na lile duara mbele ya jicho nalo linahitaji kupatanishwa. Anavaa kofia, anasimama mbele ya ukuta wenye alama, analiweka duara juu ya alama, na mwenzake anatazama skrini ya kamera kuona kama alama iko katikati. Haiko, haiwi sawa mara ya kwanza. Skrubu inalegezwa, kamera inainamishwa nusu nywele, inakazwa tena. Kofia ikikaa kichwani tofauti kidogo na jana, kazi yote imeharibika, kwa hiyo nayo huchongewa sponji ndani mpaka ikamate fuvu lile moja tu.

Pwani yetu ina ugumu wake. Huko Diani, kusini mwa Mombasa, watu huruka juu ya ufuo na miamba ya matumbawe, na mgeni asiyewahi kuruka hufungwa kifuani mwa mwalimu. Chini ni joto na unyevu mzito wa bahari. Juu, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mlangoni mwa ndege kuna baridi iliyozidi ya chini kwa zaidi ya nyuzi 20. Kioo cha lenzi hupoa njiani kote, kisha ndani ya dakika chache kinarudi kwenye hewa yenye mvuke, na ukungu hukitanda pale pale mpigapicha anapotaka kumpiga mgeni akitua. Betri nayo hulegea kwa baridi. Kwa hiyo kamera hufunikwa ndege inapopanda, na betri huingizwa ikiwa imejaa kila mara, hata kama ile ya awali ina nusu. Waliozoea Pwani wanajua pia kutoitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi na kwenda nayo moja kwa moja kwenye ndege. Huitoa mapema, ikakaa kivulini, ikazoea hewa.

Lakini vifaa vyote hivi havimfanyi mtu kuwa mpigapicha wa angani. Kinachomfanya ni kujua kuanguka. Watu hawaanguki kwa kasi moja: mzito huenda haraka kuliko mwepesi, aliyejikunja haraka kuliko aliyejitandaza, na mgeni na mwalimu wake wakiwa wamefungwa pamoja wangeenda kasi sana kama mwalimu asingetupa mwavuli mdogo wa breki nyuma yao. Mpigapicha lazima awe na kasi yao, yoyote iwayo. Ndiyo sababu suti yake ina mabawa ya kitambaa kutoka kifundo cha mkono hadi nyonga. Akinyoosha mikono, bawa linajaa na yeye anapanda ukilinganisha na wenzake, akiikunja, anashuka. Ni kama nahodha anavyocheza na tanga, isipokuwa hapa tanga ni mikono yake mwenyewe na kichwa hakiruhusiwi kutikisika. Mwepesi huongeza kiunoni mkanda wenye uzito wa madini ya risasi. Na kuna eneo ambalo haliingii kamwe: moja kwa moja juu ya mtu mwingine, ambako hewa imevunjika na haibebi. Akiingia hapo, ataporomoka mgongoni mwa yule anayempiga picha.

Itazame kazi ya mgeni mmoja kuanzia mlangoni. Mpigapicha hutoka kwanza, anasimama nje ya ndege kwenye kidaraja, anashika chuma kwa mkono, uso umeelekea ndani. Mwalimu anayumba mara moja, mara mbili, na katika ya tatu mpigapicha ameachia nusu ya sekunde kabla yao. Akiachia mapema, wanakuwa nukta tu. Akichelewa, anapata visigino vyao. Akiipatia, anapata ile picha ambayo mgeni ataitazama miaka yote: uso wenye hofu, na nyuma yake ndege bado inaonekana nzima. Kisha anakuja mbele yao, chini kidogo, jua likiwa mgongoni mwake kwa sababu alikwisha kuulizia ndege itapita upande gani. Kwenye kimo cha mita 1,500 hivi mwalimu anafungua mwavuli, nao wanaonekana kurushwa juu kutoka kwenye picha. Hawajarushwa popote. Wamepunguza kasi, na yeye ndiye anayeendelea kuanguka, akiwapiga mpaka wawe wadogo, huku kengele ndogo ndani ya kofia ikimwambia kimo.

Hapo lazima aache kupiga picha. Ananyoosha shingo, anatazama mbele, anafungua mwavuli wake. Kofia na kamera vyenye kilo mbili, mwavuli ukikatiza mwanguko kwa nguvu mara nne ya uzito wa kawaida, huwa kilo nane juu ya shingo, na kichwa kilichogeuka kando wakati huo huumia. Wengi huchagua miavuli inayofunguka polepole kwa ajili hiyo. Kisha anateremka haraka ili atue kabla ya mgeni, afungue mwavuli mwilini, na awe tayari amepiga magoti mchangani wale wawili wanapogusa chini.

Kwenye mashindano uzito wa kazi hii unabadilika. Katika mchezo wa watu wanne, timu huwa na watano. Wanne huunda maumbo waliyopangiwa kwa kushikana mikono na miguu, wakayarudia mara nyingi wawezavyo ndani ya sekunde 35, na wa tano yuko juu yao, pembeni kidogo, na kamera. Waamuzi wako ardhini. Hawaoni kitu isipokuwa video yake. Mshiko ambao haukuingia kwenye picha unaweza kunyimwa alama, hata kama mikono ilishikana kweli. Kwa hiyo medali ikija, naye huvalishwa, na ni haki yake.

Waliotangulia walibeba mizigo mizito kuliko hii. Carl Boenish, Mmarekani aliyepiga picha za kuanguka angani za filamu ya The Gypsy Moths mwaka 1969, aliweka kamera za filamu kichwani wakati ambapo nyingi zilikuwa chuma kitupu. Mwanzo wa Moonraker ya 1979, pale James Bond anaposukumwa nje ya ndege bila mwavuli na yeye akaupora wa mwingine, ulihitaji miruko 88, na kamera nyepesi ya Panavision iliyofungwa kofiani. Kila mruko ulileta sekunde chache tu zinazofaa.

Kazi iliyonishangaza zaidi ilifanyika Abu Dhabi, kwa filamu ya Mission: Impossible – Fallout ya mwaka 2018. Tom Cruise aliruka kutoka kwenye ndege ya kijeshi ya C-17, kwenye kimo cha zaidi ya mita 7,000, na watazamaji wanamkumbuka yeye. Mimi namkumbuka Craig O'Brien, aliyetoka mlangoni kinyumenyume kabla yake akiwa na kamera ya sinema kichwani. Mwongozaji alitaka mwanga wa machweo, na mwanga huo hukaa dakika chache, kwa hiyo jioni moja ilitoa jaribio moja. Cruise alipaswa kumfikia O'Brien akiwa umbali wa karibu mita moja, sawasawa, la sivyo uso wake ungetoka na ukungu. Walifanya mazoezi kwenye bomba kubwa la upepo Uingereza, kisha miruko 106 ndiyo iliyoleta vipande vitatu walivyovihitaji. O'Brien anaanguka giza likiingia, akiwa hatazami aendako, anapima umbali kwa jicho, na uso wa mwigizaji unabaki katikati. Sijaona mfano mzuri zaidi wa shingo ya binadamu kufanya kazi ya mtambo.

Uangalifu wote huu kwa kamera una hatari yake, nayo ni kusahau kwamba kwanza wewe ni mrukaji. Aprili 1988, huko North Carolina, Marekani, mrukaji mzoefu mwenye miruko zaidi ya 800 alitoka ndegeni kuwapiga video wenzake, vifaa vya kurekodia akiwa navyo mwilini, na hakuwa amevaa mwavuli. Kamera yake ilirekodi anguko lile. Ninaitaja habari hii kwa heshima, na kwa sababu wapigapicha wengi wa angani huijua. Ukaguzi wao ndio kinga yake: mikanda na pini za mwavuli kabla ya kupanda ndege, tena njiani, tena mlango unapokaribia kufunguliwa, na mkono kugusa kila kishikio kwa zamu. Kamera inakaguliwa baada ya hapo.

Ndiyo maana naona sawa kabisa ushauri wa chama cha warukaji cha Marekani, kwamba mtu asivae kamera kabla ya kufikisha miruko 200. Kamera ndogo za kisasa zimefanya wengi wauone ushauri huo umepitwa na wakati, kwa kuwa kitu chenyewe hakizidi kiganja. Udogo wake hauondoi hatari. Kamba ya mwavuli inaweza kunasa kwenye kamera ndogo kama inavyonasa kwenye kubwa, na kofia nzuri ina kifungo cha kuitupa yote kwa mvuto mmoja. Mruko wa kwanza wenye kamera unapaswa kuwa mwepesi kabisa, hakuna kundi la kufuata wala mgeni wa kupigwa picha. Anayejifunza anapata kujua kofia inavyovuta kichwa upepo ukiipiga, waya unapita wapi, na kama mkono wake unakipata kile kifungo bila macho, jambo alilopaswa kulirudia tena na tena akiwa amesimama ardhini, mwavuli mgongoni, kabla ya kupanda.