Kinywa Kimoja au Vinywa Vingi?

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii hunijia kila nipitapo madukani Kigoma mjini, mbele ya masanduku ya sauti yaitwayo sabufa, yawakayo taa za rangi na kunguruma mchana kutwa ili mpita njia ageuke. Sanduku moja kubwa hutoa sauti nzito, na visanduku viwili au vitatu hutoa sauti nyembamba. Upande wa pili wako mafundi waichukuao spika moja ya redio kuukuu, wakaitia katika sanduku la mbao walilolipima wenyewe. Basi msomaji, swali langu ni hili: mtu mwenye fedha kidogo na masikio mazima anunue vinywa vingi, au ajitengenezee kinywa kimoja?

Jioni moja nilialikwa Ujiji kwa mwalimu mwenzangu, aliyekuwa na vyombo vyote viwili sebuleni. Cha kwanza alikinunua kwa akiba ya miezi mingi. Cha pili alikiunda kwa mbao za mninga, na spika yake moja ilikuwa na upana wa sentimita 20. Tulianza kwa nyimbo za bongo fleva, ambazo vijana wengi wa Kigoma wamejipatia sifa kwazo. Hapo sabufa ilishinda bila ubishi. Ngoma yake ilitikisa vikombe mezani, lakini tulipoongeza sauti katika sanduku la mninga, spika ilianza kukwaruza. Kisha tukasikiliza rumba ya Kongo, na mambo yakageuka. Katika sabufa magitaa yalikuwa kama yapigwayo nyuma ya ukuta. Katika mninga kila gitaa lilikuwa na mahali pake, na maneno ya mwimbaji yalisikika mpaka silabi ya mwisho.

Mwisho mwenyeji wangu alitusikilizisha sauti ya marehemu baba yake, mvuvi wa dagaa, akisimulia safari zake za usiku. Sauti hiyo ilinaswa zamani katika kaseti, kisha ikahamishiwa katika simu. Iliposemwa na sabufa, mama yake aliuliza kutoka uani, "Mwanangu, huyo ni nani?" Iliposemwa na spika moja hakuuliza neno. Alikuja mlangoni, akasimama na upawa mkononi mpaka masimulizi yakaisha.

Lakini hukumu ya moyo peke yake haitoshi, yafaa tutafute sababu. Katika chombo chenye vinywa vingi, sauti hugawanywa na kifaa kiitwacho krosova: nzito hupelekwa kwenye spika kubwa, nyembamba kwenye ndogo. Mara nyingi mpaka wa mgawanyo huo huwekwa katika mitetemo 2,000 au 3,000 kwa sekunde, ndipo hasa sikio la mwanadamu lilipo kali. Fundi mwema hutumia fedha na siku nyingi ili kiungo hicho kisisikike. Katika vyombo vya bei rahisi kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa haraka. Spika kubwa huachia mapema, visanduku vidogo havina nguvu ya kushuka vya kutosha, na katikati hubaki shimo. Sauti ya mtu hutumbukia humo. Ndiyo maana yule mama hakumtambua mumewe.

Spika moja haina kiungo cha namna hiyo, na sauti yote hutoka mahali pamoja kama itokavyo kinywani. Isitoshe, baadhi ya spika hizi, zenye karatasi nyepesi na sumaku yenye nguvu, hutoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Spika ipitayo nyingine kwa desibeli 10 hutoa sauti ile ile kwa sehemu moja tu ya kumi ya umeme. Jambo hili si dogo kwa nyumba za vijiji vya pwani ya ziwa ziishizo kwa sola.

Wala si jambo geni katika ziwa letu. Mwaka 1949 katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia na ambayo nchi yake hufika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, iliuzwa redio ya betri iliyotiwa katika umbo la sufuria ya alumini, kwa bei ya pauni 5. Ilikuwa na spika moja tu. Watu walikusanyika kuizunguka, wakapata habari na nyimbo katika lugha zao.

Hata hivyo siwaungi mkono wale waifanyao spika moja kuwa dini. Kila mitetemo ipunguapo nusu, karatasi ya spika hulazimika kusogea mara nne zaidi ili sauti isipungue ukubwa, na karatasi ya sentimita 20 ina mwisho wake. Kwa upande wa juu, mitetemo ipitapo 1,700 kwa sekunde, wimbi la sauti huwa fupi kuliko upana wa spika hiyo, na sauti huanza kwenda mbele kama mwanga wa tochi. Aketiye kando huikosa kayamba. Wahandisi walioanza kugawanya kazi kwa ajili ya majumba ya sinema katika miaka ya 1930 hawakufanya hila. Ukumbi mkubwa uliwataka wafanye hivyo.

Kosa jingine ni la mafundi wetu wenyewe. Wako wanaodhani sanduku ni pambo. Itoe spika sandukuni uishike mkononi inapolia, nawe utasikia sauti nzito ikitoweka papo hapo, kwa kuwa wimbi la nyuma huzunguka na kuliua la mbele. Basi mbao ziwe nene, viungo vifungwe kwa gundi visivuje hewa, na ndani kutiwe pamba. Spika njema katika sanduku lenye nyufa ni sawa na mwimbaji aliyezibwa kinywa.

Ushauri wangu ni huu. Atakaye kuchezesha watu harusini na anunue vinywa vingi, lakini asidanganyike na nambari kubwa za wati zilizoandikwa katika katoni. Ageuze chombo, asome nyuma ni umeme kiasi gani kinachotumia, maana hakuna chombo kiwezacho kuendelea kutoa kuliko kinavyopokea. Atakaye kusikiliza habari, kwaya, rumba na masimulizi ya wazee nyumbani, na amwendee seremala.

Na kabla ya kutoa fedha yake, aende dukani na sauti ya mtu amjuaye vema, si wimbo aliouchagua mwuzaji. Debe tupu haliachi kuvuma, na uvumi wake waweza kumpumbaza mgeni. Lakini sauti ya mama yako au ya rafiki yako huwezi kuuziwa kwa uongo. Ukilazimika kuuliza ni nani asemaye, kiache chombo hicho rafuni.