Picha ya nyani anayekuwa mtu

Wasomaji wengi wanaijua picha ile: upande wa kushoto nyani ameinama, anayemfuata ameinuka kidogo, na hivi mpaka upande wa kuume, penye mtu anayetembea wima. Ilichorwa na Rudolph Zallinger, ikachapwa Marekani mwaka 1965 katika buku la F. Clark Howell, yenye viumbe 15 kwa mstari. Tangu pale imenakiliwa pote. Hatutaki kubishana hapa na elimu ya mageuzi. Tunahukumu picha, kwa sababu wanafunzi wanasadiki picha kuliko buku.

Kosa lake la kwanza ni ule mstari. Mchoraji alikuwa fundi wa kweli. Tena maandishi ya buku yalisema wazi kwamba baadhi ya viumbe wale ni matawi yaliyokauka, si bankambo wetu. Lakini nani husoma maandishi madogo? Macho yamekwisha kuona maandamano, na akili inafuata macho. Kumbe, watu wa Neandertali waliishi wakati mmoja na watu wa namna yetu, wakazaa nao. Sokomutu naye si babu yetu: sisi na yeye tulitoka kwa nkambo mmoja, aliyeishi labda miaka milioni 6 ao 7 iliyopita, na tangu siku zile naye amefuata njia yake. Mwanafunzi anayeuliza sababu gani sokomutu wa leo hawageuki watu amedanganywa na picha, si na wataalamu.

Mluba asingedanganywa upesi, kama angeshika desturi yake. Muulize mzee wa Kabongo habari za ukoo wake: hatapanga watu kama askari. Atataja nkambo, atarudi nyuma, atapita kwa ndugu za mama, atakumbuka waliohama na waliokufa pasipo mtoto. Vile vile lukasa, ubao wa chama cha Mbudye wenye shanga na simbi, hausomwi kama mstari mmoja wa kushoto mpaka kuume. Mjuzi anapitisha kidole, anagusa ushanga, anaeleza mfalme, safari, mahali. Siku nyingine ushanga ule ule utaleta habari nyingine. Kwa kuonyesha namna vizazi vinavyogawanyika, ubao ule ni mwalimu bora kuliko maandamano ya Zallinger.

Kosa la pili linatuuma zaidi. Katika nakala nyingi wa nyuma ni weusi, na wa mbele kabisa ni mweupe. Mtoto wetu hangoji maelezo. Anajitafuta kwenye mstari, anajikuta nyuma. Hapo mmoja anaona haya, mwingine anatupa elimu yote akisema ni tusi la Wazungu, na katekista anashangilia, akidhani imani imeokoka. Haikuokoka kitu. Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa mtu, akishika kwamba roho inaumbwa na Mungu mwenyewe. Yohane Paulo II, mwaka 1996, alisema mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Tunamkimbia nani basi?

Tena udongo wa inchi yetu una neno lake. Huko Katanda, kando ya mto Semliki, mashariki ya Kongo, wachimbaji walivumbua ncha za mifupa zenye meno, za kuvulia samaki wakubwa. Habari zao zilitangazwa mwaka 1995, umri wao ukakadiriwa miaka 90,000 hivi. Za namna ile huko Ulaya zilikuja nyuma sana. Na karibu nasi zaidi, kusini-mashariki ya Kabongo, kwenye ziwa Kisale, Jacques Nenquin alichimba makaburi ya Sanga mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendelea na kazi katika miaka ya 1970. Walikuta chuma, mapambo ya shaba, vyungu vya ufundi mkubwa, vingine vya miaka 1,000 iliyopita.

Zallinger alitia silaha katika mikono ya baadhi ya watu wake. Mwanamke wala mtoto hayumo katika mstari wote. Pale Sanga, makaburi ya watoto yana vyungu vidogo, vimepimwa kadiri ya mtoto: mtu alikaa akavifinyanga hivyo, kwa ajili ya marehemu wake.