Kigori na Upatanisho: Tahakiki ya Tovuti za Habari za Wasichana

Waingereza na Wamarekani walipotaka kumtaja mtoto wa miaka 9 hadi 12, iliwalazimu walikate neno lenye maana ya "baina" na kulifananisha na lile la vijana waliobalehe. Na waliolieneza neno hilo zaidi ni wafanyabiashara. Sisi, kwa upande wa wasichana, tunalo neno tangu kale: kigori, yaani msichana anayekaribia kuvunja ungo lakini bado hajavunja. Yafaa tulianzie hapo, kwani sarufi ya neno hili inaweza kutuongoza katika kuzihakiki tovuti zinazodai kumpasha kigori habari.

Kigori huanza kwa ki-, kama kiti na kikombe. Hata hivyo hatusemi "kigori kimefika". Twasema "kigori amefika", na katika wingi, "vigori wamefika". Asemaye "kimefika" ama amekusudia mzaha ama anadharau. Lugha imekubali udogo wake katika umbo la jina, ikakataa kumfanya kitu katika upatanisho. Dai letu ni kwamba tovuti nyingi za aina hii zamwambia msichana "kimefika".

Dharau hiyo haimo katika maneno peke yake. Imo katika rangi ya waridi iliyopakwa kila pembe, katika herufi za mapambo zisizosomeka, na katika uteuzi wa habari: wanyama wachekeshao na nguo za waimbaji, ilhali vita, ukame na uchaguzi vimeachiwa wakubwa. Jakob Nielsen na Shuli Gilutz walichapisha mwaka 2002 utafiti wao juu ya watoto 55 wa Marekani na Israel waliokuwa wakitumia tovuti. Waliona kwamba mtoto hutambua upesi sana ukurasa uliotungiwa walio wadogo kuliko yeye, naye huukataa. Waliona pia kwamba watoto hawakuweza kuyatenga matangazo ya biashara na maandishi ya tovuti yenyewe. Jambo hili la pili ndilo zito. Kigori aliyekuja kutafuta habari aweza kuondoka na bidhaa kichwani, naye asijue kwamba aliyezungumza naye alikuwa mchuuzi.

Ipo mifano iliyo bora. Newsround ya BBC ilianza tarehe 4 Aprili 1972 katika televisheni, kisha ikajenga tovuti yake. Chombo cha Challenger kilipolipuka angani tarehe 28 Januari 1986, kipindi hicho cha watoto ndicho kilichokuwa cha kwanza kuwatangazia watazamaji wa Uingereza msiba huo. Sentensi zake ni fupi, jambo lenyewe halifupishwi. Na msomaji aliyefadhaishwa na habari hupewa ukurasa wa ushauri badala ya kufichwa ukweli. Upungufu wake kwa shabaha yetu ni kwamba husema na watoto wote kwa jumla. New Moon, gazeti lililoasisiwa Duluth, Minnesota, mwaka 1992, lilikwenda mbali zaidi: wasichana wa miaka 8 hadi 14 walishiriki kulihariri, na matangazo ya biashara hayakukubaliwa. Baadaye mwendo huo ulihamishiwa kwenye mtandao. Halikuwa gazeti la habari kwa maana kamili, lakini msichana humo alikuwa "amefika".

Je, atakayeandika kwa Kiswahili atakabiliwa na nini? Tuitazame sentensi hii: "Profesa huyo alianzisha shirika la kupanda miti mwaka 1977, akapinga ujenzi wa jumba katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, akatunukiwa Nobel mwaka 2004." Anayemfahamu Wangari Maathai atamtambua. Asiyemfahamu atasoma hadi nukta bila ya kupata dalili yoyote kwamba huyo ni mwanamke, kwa kuwa a- na yeye hazibagui. Mwenzetu mmoja hushikilia kwamba hiyo ni neema, maana msichana huweza kujitia katika kila kisa. Twakubali nusu tu. Nafasi iliyoachwa wazi na sarufi hujazwa na mazoea, na mazoea ya wasomaji wengi humwona profesa akiwa amevaa tai. Wala dawa si kuandika "profesa wa kike" kila mahali, kwani kufanya hivyo ni kumtangaza kuwa shani. Dawa imo katika usanifu: jina kamili litangulie cheo, na picha iwekwe juu ya habari, si chini yake. Katika Kiswahili picha hufanya kazi ambayo Kiingereza kimeikabidhi kiwakilishi. Anayeiondoa kwa kuwa yapunguza kasi ya ukurasa ameondoa sehemu ya sentensi.

Limebaki suala la sauti. Mwambao ulikuwa na somo, mwanamke aliyemfunda mwari. Somo hakuwa mwalimu wa darasani, wala hakuwa mama. Aliyataja mambo kwa majina yake. Mwaka 2017 Kenya ilipitisha sheria inayoilazimu serikali kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo. Ni vigumu kupata habari imhusuyo kigori kuliko hiyo, kwani zamu yake i karibu. Tovuti inaweza kuandika "Serikali yawajali mabinti", ikaweka ua la waridi pembeni, na msomaji akapita asijue kilichosemwa. Inaweza pia kuandika "Sodo za bure shuleni: nani anazileta, na zisipofika umuulize nani?" Kichwa hiki cha pili ndicho ambacho somo angekiandika, na wahariri wengi tuwajuao wangekifuta neno la kwanza.