H. Rider Haggard: Mtumishi wa Dola na Mtunzi wa Riwaya

Jina la Henry Rider Haggard si geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Tafsiri ya Frederick Johnson, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, ilitoka mwaka wa 1929 na kusomwa na vizazi kadhaa vya Afrika Mashariki. Aghalabu mhakiki humwita Haggard mpiga zumari wa ubeberu, kisha akafunga kitabu. Hukumu hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi.

Haggard alizaliwa Norfolk, Uingereza, mwaka wa 1856. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alikwenda Natal kumtumikia gavana Henry Bulwer. Mwaka wa 1877 alifuatana na Theophilus Shepstone katika safari ya kuitwaa Transvaal, akashiriki kupandisha bendera ya Uingereza mjini Pretoria. Makaburu waliporudishiwa utawala mwaka wa 1881, yeye alirejea kwao akasomea sheria. Riwaya ya *King Solomon's Mines*, iliyotoka mwaka wa 1885, ndiyo iliyomtoa katika sheria na kumweka katika fasihi. Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1912, akafariki mwaka wa 1925.

Athari ya utumishi huo imo katika riwaya yenyewe. Foulata, msichana wa Kiafrika anayempenda Mzungu, anauawa kabla mapenzi hayo hayajamlazimisha mwandishi kuyatolea uamuzi. Zaidi ya hayo, marehemu anatiwa kinywani maneno ya kuukubali ubaguzi unaomhukumu. Hapa fani imekuwa mjakazi wa itikadi.

Lakini mtazame Ignosi. Anaingia katika hadithi kama mtumishi, anatoka akiwa mfalme, na mwishoni anatangaza kwamba hatawaruhusu wafanyabiashara wa Kizungu waingie nchini mwake na bunduki na pombe, wala wahubiri. Kijana aliyepandisha bendera Pretoria amempa mhusika wake hoja ya kuikataa bendera hiyo. Haielekei kwamba Haggard alikusudia uasi. Mkataa wageni huyu ametawazwa kwa msaada wa bunduki za wageni. Hata hivyo, hoja ikishatamkwa haimtii tena aliyeitunga.

Anwani ya tafsiri nayo yastahili kufikiriwa. Wapo watakaosema kwamba "machimbo" au "migodi" lingefaa zaidi kuliko "mashimo". Lakini katika riwaya wasafiri wanakutana na shimo kubwa ajabu, na Quatermain analilinganisha na machimbo ya almasi ya Kimberley. Neno la Johnson, liwe limechaguliwa kwa makusudi au la, linaondoa fahari ya kale ya Sulemani na kumwonyesha msomaji ardhi iliyochimbwa.

Kwa hiyo, kumwondoa Haggard katika masomo ni kumpunguzia mwanafunzi silaha. Yafaa asomwe pamoja na wasifu wake, Foulata na Ignosi wakiwekwa mezani pamoja, ili ionekane jinsi mwandishi anavyoweza kuitumikia dola kwa kalamu ile ile inayoishitaki.